Kona ya Bi Mkubwa

4 Februari

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama Mdogo. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki, na wewe huko ulikuwa unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza umekula nini. Kwa hiyo kalamu na karatasi, kama ulivyotaka.

Nina habari. Profesa amenipa ufunguo wa chumba cha hadubini. Ufunguo wako, ule wenye kamba ya kiatu. Tangu ustaafu mwaka jana hakuna aliyeruhusiwa kukaa na hadubini yetu Bi Mkubwa peke yake, na sasa ni mimi. Hajambo. Anavuma vilevile, anadai baridi vilevile, na mtu akibamiza mlango ananuna nusu saa nzima, picha zote zinacheza. Mwambie Mama Mdogo mke mwenza wake anamsalimu.

Sasa sikiliza. Jumanne asubuhi niliweka kisahani cha seli za ngozi, tandiko moja lisilo na pengo, kila seli imebanana na jirani zake kama vigae vya sakafu. Nilikuwa nimezinywesha ile rangi inayong'aa kalsiamu ikifurika ndani ya seli. Nikazima taa ya chumba. Kwenye kompyuta kulikuwa na giza na vivuli tu. Nikashusha ncha ya sindano ya kioo nikaigusa seli moja, chini kushoto, kama ulivyonifundisha. Kuigusa tu, sikuitoboa.

Ikawaka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na jirani zake wakawaka. Kisha jirani wa jirani. Duara likapanuka polepole, seli kwa seli, kila moja inapokea habari, inampa wa pembeni yake, halafu inafifia kama mtu aliyekwisha kusema lake. Sekunde arobaini wimbi likafika ukingoni na kutoweka. Nilipozinduka nilijikuta nimesimama. Haya mambo nimeyasoma miaka minne, Baba Mdogo, nimeyajibu kwenye mitihani nikapewa alama nzuri, na kumbe nilikuwa sijui kitu. Ndani ya mkono huu unaokuandikia jambo hilo linatendeka sasa hivi, na mimi mwenye mkono sina habari. Nililia kidogo, usimwambie mtu.

Lakini bado. Nilipoirudia ile picha taratibu, niliona kitu kwenye kona ya Bi Mkubwa. Unajua sote huwa tunaiacha ile kona ya juu kulia, na kwenye picha tunaikata na kuitupa. Tangazo bado liko ukutani, sharti la nne: "Kazi isiwekwe kona ya Bi Mkubwa." Safari hii nilisahau kuikata. Mle ndani, papo hapo nilipoigusa seli yangu, kabla wimbi halijafika hata nusu ya njia, ziliwaka taa saba ndogo. Saba, mbali kabisa, upande wa pili! Nimerudia visahani sita na zipo, kila mara. Kana kwamba habari haikupita mlango kwa mlango, bali kuna waliopelekewa moja kwa moja.

Profesa ameona. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Binti, hili likiwa kweli, vitabu vitaongezwa ukurasa." Anataka tupeleke makala kwenye jarida tarehe 16 Machi. Shahada yangu yote itasimama juu ya hizo taa saba. Nimekuchorea zilipo, karatasi ya pili.

Na jingine, nilitaka liwe la kushtukiza lakini mdomo wangu unaujua. Tarehe 28 Machi watabandika kibao cha shaba mlangoni. Jina lako, na chini yake: "Miaka ishirini na sita bila doa." Andaa suti.

Binti wa kaka yako,
Chiriku


13 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua nimeipata, tumeisoma wote wawili. Mama yako Mdogo anasema salamu za mke mwenza hazipokei mpaka aombwe radhi kwa ile miaka ya chakula cha jioni kilichopoa.

Nimefurahi umepewa ufunguo. Usisahau kuipasha leza moto dakika ishirini kabla ya kazi. Pampu ya maji ya kupoza ikianza kugonga, usiigonge na wewe, ifungue tu kifuniko upunguze hewa. Kitambaa cha kufutia lenzi kitumie mara moja na kukitupa. Mara moja, Chiriku. Hapo usibane matumizi.

Kuhusu hilo wimbi, nimeliona mara nyingi nisizoweza kuhesabu na sikuwahi kulizoea. Siku ya kwanza nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mimi ni fundi, si msomi, nilijua tu kwamba nimeonyeshwa kitu ambacho sikustahili kuonyeshwa. Furahi, mwanangu.

Hizo taa za kona achana nazo. Pale ni pa Bi Mkubwa, nilikufundisha mwenyewe. Inaweza kuwa vumbi. Kata hiyo kona kama wenzako mfanye kazi na wimbi lenyewe, linatosha kabisa kukupa shahada. Profesa naye asiwe na haraka, makala si mkate, haichachi.

Habari ya kibao, mwambieni asante ila sipendi mambo makubwa. Miguu inanisumbua, sidhani kama nitasafiri.

Baba yako Mdogo


21 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta wewe uko wapi ndani yake. Vumbi? Vumbi haliwaki sekunde ileile ninapoigusa seli, halafu likazima. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu kikitokea mara mbili uliza kwa nini, na kikitokea mara tatu vuta kiti ukae. Sasa nimefika kisahani cha kumi na tisa. Taa saba karibu kila kimoja, kona ileile. Kiti nimevuta siku nyingi.

Niliuliza watu. Kwa nini hatuweki kazi kona ile? Mwenzangu wa meza ya pili anasema ndivyo alivyokuta. Katibu anasema tangazo alilichapa yeye, aliambiwa na mwanafunzi mmoja aliyeambiwa na mwingine. Profesa alicheka, akasema, "Hiyo ni adabu ya fundi wetu, kila mwenye nyumba ana kiti chake." Wote wanaishia kwako. Basi nakuuliza wewe: kwa nini?

Na nitasema linaloniuma, maana nikilimeza litanikaba. Nilidhani utaruka kwa furaha. Badala yake umeniandikia habari za pampu. Huji kwenye sherehe yako mwenyewe, miguu, wakati Mama Mdogo aliniambia mwezi uliopita ulipanda juu ya paa kuziba bati. Nimewaza mabaya. Nimewaza labda inakuuma kwamba umekaa na Bi Mkubwa miaka ishirini na sita na amesubiri uondoke ndipo anionyeshe mimi. Kama ni hivyo niambie, nitaelewa. Kama sivyo, nisamehe kwa kuwaza hivyo.

Picha zimekwisha kupangwa. Bado wiki tatu.

Chiriku


1 Machi

Mwanangu,

Huyu ni Mama yako Mdogo. Usishtuke, hakuna mgonjwa. Naandika nikiwa jikoni, yeye yuko uani anajifanya anatengeneza redio ambayo haijaharibika.

Barua yako ya pili imemkalia vibaya. Alipofika pale pa wivu aliiweka mezani, akasema, "Mtoto anadhani namwonea kijicho," akatoka uani. Ule mchoro wako wa taa saba anatembea nao mfukoni. Anaufungua, anaufunga. Juzi nimemkuta ameuweka juu chini, anaupima kwa rula.

Kwa miaka thelathini na nne nimelala na huyu mtu na namjua anavyoficha. Akificha zawadi, anapiga mluzi. Akificha aibu, anatengeneza vitu vizima. Mluzi sijausikia.

Ameandika barua nne na kuzichana zote. Jana nikamwambia, "Mume wangu, mficha uchi hazai. Kama ni la yule mwenzangu wa chumba baridi, mimi nilikwisha kuwasamehe wote wawili, sema." Hakucheka. Akaniuliza tarehe 16 ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akasema barua huchukua siku sita. Nikamwambia basi hiyo ya tano usiichane.

Nimekuandikia ili usimhukumu kabla haijafika. Si kijicho, mwanangu. Mtu mwenye kijicho hakosi usingizi wa mchana.

Mama yako Mdogo


3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hii nimeiandika kwa wino ili nisiifute.

Miaka kumi na mmoja iliyopita Bi Mkubwa aliletewa kioo kipya cha ndani, kile kinachopeleka mwanga wa seli kwenye kamera. Kilikuja ndani ya sanduku lenye masharti: asikifungue mtu ila fundi wa kampuni. Wiki ya tatu kikapata ukungu. Fundi wa kampuni angefika baada ya mwezi mzima. Mimi nilikuwa fundi gani wa kusubiri mwezi? Wanafunzi walikuwa wananiita Mikono ya Hariri. Nikamfungua Bi Mkubwa Jumamosi mchana, nikatoa kile kioo, na vile vitambaa vya lenzi vilikuwa vimekwisha. Nikakifuta kwa leso yangu.

Kulikuwa na punje ya mchanga kwenye leso. Niliisikia kabla ya kuiona. Mkwaruzo mmoja, mrefu kama ukucha wa mtoto.

Ningeweza kusema. Profesa ni mtu mwema, angefoka siku mbili na kioo kingine kingeagizwa. Sikuogopa kufukuzwa, Chiriku. Niliogopa kuonekana. Nikakigeuza kile kioo mpaka mkwaruzo ukaangukia juu kulia, nikamfunga Bi Mkubwa, na Jumatatu nikawaambia wanafunzi kwa uso mkavu kwamba kona ile ni ya mwenyewe, haipigwi picha. Wakacheka wakatii. Mwaka wa pili wakawa wanaambiana wao kwa wao. Mwaka wa tatu nikakuta limechapwa na kubandikwa ukutani, sharti la nne. Nilisimama mbele ya lile tangazo nikalisoma mara mbili. Uongo wangu ulikuwa umeshakuwa sheria, na watu wanaufuata kwa heshima.

Nilijipoza kwamba hakuna anayedhurika, maana kona inakatwa. Sikuwaza kwamba siku moja atatokea mtu atakayesahau kukata, na kwamba atakuwa wewe.

Nimeupima mchoro wako. Seli unayoigusa chini kushoto ndicho kitu king'aavu kuliko vyote kwenye picha. Mwanga wake ukiupiga mkwaruzo, unaweza kurushwa juu kulia na kuvunjika vipande vipande. Taa zako saba zimepangika karibu na mstari. Urefu wake naujua.

Usiniamini tena kwa neno, hakikisha. Iguse seli, piga picha, iache ipumzike dakika kumi na tano. Kisha zungusha kisahani robo duara, uitafute seli ileile uliyoigusa, uiguse tena. Taa zikihama pamoja na seli, ni za seli. Zikibaki juu kulia, ni zangu.

Mwonyeshe Profesa barua hii yote, usimsomee vipande. Kibao wasikibandike. Na uwape majina ya wote waliopiga picha na mashine ile tangu mwaka ule, wakague kazi zao, hata kama kona waliikata. Nakumbuka majina ishirini na matatu, nimeyaandika nyuma.

Wewe uliniuliza kama nakuonea wivu. Ningekuwa na wivu ningekaa kimya tarehe 16 ipite, ukaja kuumbuliwa na wageni baadaye. Nilikaribia kukaa kimya hata hivyo, mwanangu, na hilo ndilo ninalokuomba unisamehe. Siku kumi na nane, tangu nilipokuandikia habari ya vumbi, nilijua na sikusema.

Baba yako Mdogo


12 Machi

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo, tena na tena.

Barua yako ilifika juzi asubuhi. Nilianza kuisoma posta nimeegemea ukuta, na nilipofika kwenye leso nikaikunja. Sitakudanganya. Nilikasirika. Nilikuchukia kuanzia mlango wa posta mpaka ngazi za ghorofa ya pili. Kisha nikaifungua tena, nikasoma pale uliposema "ni zangu", na hasira ikakosa pa kushika.

Nikampelekea Profesa. Alisoma amesimama. Alipomaliza akatoka nje, nikamwona dirishani anazunguka uwanja wa magari, mizunguko minne. Akarudi akasema, "Washa leza." Tukaipasha dakika ishirini.

Tukafanya ulivyoagiza. Nikaigusa seli chini kushoto. Wimbi likaenda. Taa saba zikawaka juu kulia. Tukasubiri ile robo saa, Profesa anatafuna kifuniko cha kalamu. Nikazungusha kisahani robo duara. Profesa akanishikia kiwiko. Nikaitafuta seli ileile ya mwanzo, nikaigusa.

Tano zako, Baba Mdogo. Nakwambia wazi kwa sababu ungetaka kuambiwa wazi. Zile tano hazikuhama na seli. Zilibaki juu kulia, dhaifu, zimelegea, hazikuwa mali ya kitu chochote chenye uhai. Profesa aliziona akafumba macho. Nami nikafikiri, basi, imekwisha, shahada yangu yote ni mkwaruzo wa leso.

Halafu akanishika bega. "Chini kulia," akasema. "Tazama chini kulia."

Mbili zilikuwa zimehama.

Zilikuwa zinawaka pale pale zilipopaswa kuwa kama ni seli kweli, robo duara kutoka mahali pa kwanza, nyeupe, safi, na wimbi lilikuwa bado halijavuka hata theluthi. Tulirudisha picha mara kumi. Tukazungusha tena robo. Zikahama tena. Tukazungusha tena. Zikahama. Seli mbili, katikati ya maelfu, zilizopata habari kabla ya majirani zao wote, na kwa njia ambayo mimi na Profesa na vitabu vyake vyote hatuijui. Jana tumefanya visahani kumi na vinne. Kwingine mbili, kimoja tatu, kimoja hamna kabisa. Profesa, mzee mzima na mvi zake, alikuwa ananong'ona, "Nani kawaambia? Nani kawaambia hawa?"

Naona haya hata kuandika, lakini nilimshukuru Mungu kwa sauti, chumbani mle, mbele ya mkuu wangu.

Sasa mengine, maana ulisema mtu asisomewe vipande. Makala haiendi tarehe 16. Profesa ameandika kwa jarida kuomba miezi minane, na shahada yangu inasogea mwaka mmoja. Kioo kipya kimeagizwa. Wale ishirini na watatu wote wameandikiwa barua pepe. Sita wamejibu, na kazi zao ni nzima kwa sababu kona waliikata. Wa saba hakuikata. Amelazimika kuondoa picha mbili, na barua yake kwako si nzuri. Profesa anakuhifadhia, anasema ni haki yako kuisoma. Kibao amekirudisha kwa mchongaji. Tangazo la sharti la nne nimelibandua mimi, mikono yangu miwili.

Ila jambo moja linanikosesha raha na kunifurahisha kwa pamoja. Kama usingesema, tungeandika taa saba. Mtu wa nchi nyingine angepima kwa mashine yake, asione zile tano, angesema tumeota, na mbili za kweli zingezikwa humo humo na uongo. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu juzi.

Nimekusamehe. Zile siku kumi na nane pia.

Chiriku


18 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako uani, na Mama yako Mdogo ameisoma begani kwangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemaliza kwa macho makavu. Barua ya yule mwenye picha mbili niwekee. Nitaisoma na nitamjibu.

Miaka kumi na mmoja niliamini kwamba mle kwenye ile kona hamna kitu ila aibu yangu. Nikawakataza watu wote wasitazame. Na muda wote huo, kila walipogusa seli upande wa pili, huenda kulikuwa na mmoja wawili mle ndani wanawaka, wanaitika, na sisi tunachukua mkasi tunawakata tunawatupa. Nimekaa nalo hilo tangu asubuhi. Sijui niite huzuni au niite nini, lakini mwili wote unanisisimka.

Nakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na basi la asubuhi. Miguu haijawahi kunisumbua. Sitakuja kwa sherehe, na ufunguo ubaki kwako, mimi nitakaa kiti cha nyuma. Nimwombe Profesa radhi kwanza, uso kwa uso. Kisha naomba mnizimie taa, mnionyeshe hao wawili.

Baba yako Mdogo